Mitandao itanisaidia nini?

Swali: Nina kibanda cha ushonaji Mbagala. Wateja wangu tunajuana kwa sura. Mitandao ya nini?

Jibu: Dada yangu, anza na hao hao mnaojuana. Pakua WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018. Ina katalogi ya picha na bei. Kila mteja ahifadhi namba yako, nawe uhifadhi yake, la sivyo haoni stetasi yako, nayo hupotea baada ya saa 24. Piga picha gauni likiwa mwilini, mchana, kwa idhini ya mvaaji. Na bei iandike! “Bei njoo inboksi” inafukuza watu. Wengi huona haya kuuliza, wakapita zao. Instagram ifuate ukishamudu kujibu ujumbe siku hiyo hiyo.