Udongo wa Ganze na Nyasi za Baharini



Somo la mwezi huu litakupeleka baharini, ingawa shamba lako liko Ganze na pengine hujapata kupanda mashua hata mara moja. Tafadhali usigeuze ukurasa. Utaona kwamba jambo lenyewe linaanzia kwenye jembe lako.

NYASI ZA BAHARINI NI NINI?

Bahari ikipwa kule Kilifi au Watamu, huonekana majani ya kijani yamelala juu ya mchanga. Watu wengi huyaita mwani, lakini mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi hizi zina mizizi, maua na mbegu, kama nyasi za malishoni. Katika bahari ya Kenya ziko aina 12.

Kazi yake ni kubwa. Tafi na kasa huzila. Samaki wengi wachanga hujificha humo mpaka wakue. Mizizi yake hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Basi yule tafi unayemnunua sokoni alilishwa na nyasi hizo.

Lakini zinapungua. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba kati ya 1986 na 2016 Kenya ilipoteza karibu sehemu moja katika kila tano. Zilizobaki zilikuwa kama kilomita za mraba 317. Sababu ni nyingi: nyavu za kukokota, wanyama wa miiba wanaozila wakizidi, na udongo unaotoka bara. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sisi.

JARIBIO

Chukua bilauri mbili za maji safi. Tia punje moja ya mahindi meupe katika kila moja. Katika bilauri ya pili ongeza udongo wa shambani, kisha koroga. Sasa chungulia kwa juu. Punje ya kwanza unaiona. Ya pili huioni. Kama jicho lako halifiki chini, jua nalo halifiki. Nyasi za baharini hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, sawasawa na mahindi yako. Maji ya matope juu yake ni kama paa lililoezekwa juu ya shamba. Tope likitua chini, huzifunika kabisa.

Mvua ikipiga shamba tupu, maji huchukua udongo wa juu mpaka makorongoni, kisha Mto Rare, na Rare huishia katika hori ya Kilifi. Upande wa kaskazini, Mto Sabaki huleta udongo wa mbali, hata wa nchi za juu karibu na Nairobi, na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia. Kwa hiyo lawama si ya Ganze peke yake. Lakini kila mtu ana sehemu yake.

KUZIPANDA UPYA

Inawezekana. Huko Wasini, Kwale, wanavijiji na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi wamezipanda: miche yenye mizizi huchukuliwa mahali penye nyasi nyingi, ikashikizwa chini kwa magunia ili mawimbi yasiing'oe. Huko Virginia, Marekani, nyasi ziliangamia miaka ya 1930 kwa ugonjwa na tufani. Kuanzia 1999 wataalamu walitawanya mbegu zaidi ya milioni 70, na kufikia 2020 nyasi zilikuwa zimeenea kama hekta 3,600. Walifaulu kwa kuwa maji ya pale yalikuwa safi. Hapa ndipo penye somo: mche uliopandwa leo katika maji ya tope utakufa kama ule wa kwanza. Mpandaji wa baharini anamtegemea mkulima wa bara.

FANYA HAYA KABLA YA MASIKA

1. Pima mteremko kwa fremu ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, yenye jiwe linaloning'inia kwa kamba.

2. Kwa kufuata alama zako, chimba mitaro ya fanya juu, upana sentimita 60 na kina sentimita 60. Udongo utupe upande wa juu.

3. Panda nyasi juu ya tuta ili lisibomoke. Mifugo watazila pia.

4. Lima kwa kukata mteremko, usilime kwa kuufuata.

5. Usichome mabua. Yatandaze shambani, hata kama ni yale mbuzi waliyobakiza.

6. Usilime mpaka ukingo wa mto, wala usikate miti ya hapo kwa makaa.

Usidhani unamfanyia mvuvi hisani. Udongo unaoziua nyasi baharini ndio ule ule uliokuwa ukizaa mahindi yako, na maji yaliokimbia nao ndiyo uliyoyahitaji jua lilipozidi. Nchi yetu ni kavu. Hatuna udongo wa kutupa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Na udongo uliokwisha fika Kilifi, nani ataurudisha Ganze?

Ukishindwa kupima mteremko, mwite Bwana au Bibi Shamba wa kwenu mapema, kabla mawingu hayajatanda.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nyasi za baharini na mwani vinatofautianaje?
2. Kwa nini tope huziua?
3. Mvua ya mwisho, maji ya shamba lako yalikwenda wapi? Yalikuwa ya rangi gani?