Kabla ya Safari ya Desemba: Rafiki Mliyeachana Njiani

Masomo: Matendo 15:36-41, Wakolosai 4:10, 2 Timotheo 4:9-21

Somo la juma hili ni la safari, na sizungumzii safari ya mbinguni. Nazungumzia ile ya barabara. Desemba inakaribia na ukipita Mwembe Tayari unaona mwenyewe: watu wanaulizia viti vya Kisumu, Busia na Kakamega, na wenye magari wanakagua tairi, breki na maji ya rejeta. Ukivuka Makupa, Nairobi iko karibu kilomita 480 mbele, na kwa wengi wetu Nairobi ni pa kunywa chai tu, safari bado.

Basi tufungue waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya nne. Paulo yuko kifungoni Rumi. Anamwita Timotheo aje, na kama mzee yeyote anayengoja mgeni kutoka mbali, anamtumia orodha ya vitu vya kubeba. Kuna joho alililoliacha Troa kwa Karpo. Kuna vitabu, hasa vile vya ngozi. Na katika orodha hiyo hiyo kuna mtu: Marko. Apitiwe, aje naye.

Marko huyu ni nani? Rudi Matendo 15. Paulo na Barnaba wanajiandaa kwa safari ndefu, kurudia miji waliyohubiri. Barnaba anataka Marko awemo. Paulo anakataa, kwa sababu safari iliyotangulia Marko aliwaacha Pamfilia akarudi nyumbani. Wakashindana vikali hadi wakatengana. Barnaba akaingia chomboni na Marko kwenda Kipro, Paulo akamchukua Sila wakapita Shamu na Kilikia. Jamani, hawa ni mitume, na ugomvi wao haukuwa wa mafundisho. Uliwapata kwenye maandalizi ya safari, pale mtu anapouliza, "Na yule naye anakuja?"

Biblia haituelezi walivyopatana. Hakuna sura ya kukumbatiana na kulia. Tunachoona ni kwamba kwa Wakolosai Paulo anaagiza Marko akifika apokewe, na baadaye, kwa Timotheo, anamtaka awe karibu naye kwa kuwa anamfaa katika kazi. Ni miaka ilipita hapo, pole pole. Na Barnaba? Hatusomi popote kwamba alisafiri tena na Paulo. Lakini katika 1 Wakorintho 9:6 Paulo anamtaja kama mtenda kazi mwenzake, bila neno la uchungu. Mimi nadhani hilo nalo lina uzito. Si kila urafiki hurudi ulivyokuwa.

Hapa hapa kwetu tunao mfano. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa Mei 1844, na Julai ya mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo, upande wa Nyali. Alikaa peke yake kisiwani hadi Juni 1846, Johannes Rebmann alipoungana naye. Wote wawili walitoka Württemberg, Ujerumani, na Agosti wakahamia Rabai, homa ikiwa bado mwilini. Mwaka 1848 Rebmann aliondoka kwenda Uchagani na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, na mwavuli wake mkononi, akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei. Krapf naye akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani.

Lakini hawakukubaliana juu ya kazi yenyewe. Krapf alitaka mlolongo wa vituo vya misheni vivuke Afrika kutoka pwani hii mpaka ile ya magharibi. Rebmann aliona heri watulie Rabai kwanza, wajifunze lugha na wawajue watu. Mmoja mtu wa njia, mwingine mtu wa kukaa. Mwaka 1853 Krapf aliondoka, afya imevunjika. Rebmann akabaki.

Mwaka 1862 Krapf akarudi, sasa na wamisionari wa Methodisti, akiwatayarishia mahali pa kuanzia, ambapo pakawa Ribe. Rabai ni jirani, na Rebmann alikuwa bado katika kazi yake ile ile. Rafiki wa zamani amerudi na watu wapya na mpango mpya, wewe bado umeshika jembe lile lile. Nani kati yetu hajui uzito wa kukutana namna hiyo?

Mwaka 1875, baada ya karibu miaka 29 pwani, Rebmann alirudi Ulaya akiwa kipofu. Akaenda kuishi Kornthal, mji aliokuwa akiishi Krapf. Akafariki huko Oktoba 1876. Hoja yao ya Rabai haikuhitaji mshindi ili wawe majirani.

Sasa tuje kwetu. Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, mnivumilie nikigusa hesabu. Urafiki mwingi ninaousikia umevunjika hapa mjini ulivunjikia kwenye pesa: chama, bela la mitumba, mkopo wa sacco uliomdhamini mtu akanyamaza. Deni lisiloandikwa huongezeka kichwani kila mwaka, na kwa pande zote mbili. Kwa hiyo kama ni pesa, anza na tarakimu. "Mimi nakumbuka elfu arobaini. Wewe unakumbuka ngapi?" Mkishaiweka wazi, hata kama italipwa kidogo kidogo au itasamehewa, mtaweza kuongea habari za watoto.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Usimtafute kwa sababu njia inapita kwake. Ukimpigia mtu baada ya miaka saba kumwambia unapitia Voi na unatafuta pa kulala, amekujua. Yeye si lojing'i. Piga ukiwa bado Mombasa, kabla hujakata tikiti, na usiwe na ombi. Akisema hayuko tayari, mshukuru na uache mlango wazi. Paulo mwenyewe hakuwa tayari siku ile.

Na kama mtu alikuumiza mwilini, au alimdhuru mtoto wako, somo hili halikutumi umpe kiti ndani ya gari. Msamaha ni kitu kimoja, kusafiri pamoja ni kingine. Njoo ofisini tuongee.

Kwa nini basi kabla ya safari? Kwa sababu Paulo alimpa Timotheo muda: aje kabla ya majira ya baridi, maana bahari ile ilikuwa haisafiriki wakati huo. Sisi wa pwani hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Wazee wa Mji wa Kale walijua majahazi huja na kaskazi kutoka Arabuni na kurudi na kusi. Nahodha aliyeukosa upepo wake alikaa bandarini miezi mingine.

Ibada ya Jumatano tutaombea wasafiri wote. Njoo na karatasi yenye jina moja tu, ikunje, usimwonyeshe mtu. Vikundi vya nyumbani, someni Filemoni yote, ni sura moja, mtazame mstari wa 24 nani ametajwa pale. Na yeyote ambaye namba ya rafiki yake imepotea, au anaogopa kupiga mwenyewe, aniambie baada ya ibada. Nitakaa nje pale karibu na tangi la maji, tupige pamoja.