Kusasisha Kadi ya Mtandao Bila Kuiua

Tuchukulie kwamba shule ya bweni kama Chidya, ile shule kongwe iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA huko Masasi, imepata seva. Ndani yake kuna vitabu, mitihani ya miaka iliyopita na video za masomo, ili mwanafunzi asome bila kununua bando. Yote hayo hayamfai mtu iwapo kidhibiti cha mtandao, ambacho mafundi hukiita kadi, hakifanyi kazi yake.

Tuanzie chini kabisa. Ndani ya waya wa mtandao hakuna kitabu wala picha; kuna volti zinazopanda na kushuka. Kadi huzigeuza biti za kompyuta, yaani sifuri na moja, kuwa mabadiliko hayo ya volti, na kadi ya upande wa pili huyarudisha kuwa biti. Data hukatwa vipande, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500 kila kimoja, na kila kipande huandikwa anwani ya kinakokwenda na kinakotoka. Anwani hiyo, iitwayo anwani ya MAC, ina biti 48, na 24 za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Misingi ya utaratibu huu, Ethernet, iliwekwa na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox huko Marekani kuanzia mwaka 1973.

Waya ukichomekwa, kadi na swichi huulizana kwanza: wewe unamudu kasi gani? Kwenye seva ya Linux, andika ethtool eno1 (eno1 ni jina la kadi) kisha usome mstari wa Speed. Ukionyesha 1000Mb/s, sawa. Ukionyesha 100Mb/s ilhali pande zote mbili zinamudu zaidi, usikimbilie mipangilio. Kagua waya kwanza. Kasi ya 1000 hutumia jozi zote nne za nyuzi zilizomo, lakini ya 100 hutosheka na jozi mbili. Uzi mmoja tu usipobanwa vizuri kwenye kichwa cha waya, kasi inaweza kushuka kimya kimya, na hakuna programu itakayoziba pengo hilo.

Mazungumzo hayo huongozwa na programu dhibiti, iliyomo ndani ya kadi yenyewe katika chipu ya kumbukumbu ya flashi. Kuisasisha programu hiyo ndiko kwenye hatari, na sababu yake ni ya kifizikia. Flashi huhifadhi biti kwa kunasa elektroni ndani ya kizio. Unaweza kugeuza moja kuwa sifuri mahali popote, lakini kurudisha sifuri kuwa moja hakuwezekani bila kufuta eneo zima, mara nyingi baiti 4,096 au zaidi kwa mpigo. Ni kama ubao wa darasani ambao huwezi kufuta herufi moja bila kufuta ubao mzima. Kwa hiyo kila sasisho lina kipindi ambacho ya zamani imeshafutwa na mpya haijaandikwa. Umeme ukikatika hapo, kadi inaweza kuwaka isijijue ni kitu gani. Baadhi ya kadi zina maeneo mawili, ya zamani ikabaki hadi mpya ikamilike. Usidhani tu kwamba yako ni mojawapo.

Hatari hiyo haitokani na umeme pekee. Mwaka 2008, matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yaliharibu kumbukumbu za kadi za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e. Chanzo kilikuwa sehemu nyingine kabisa ya mfumo, ftrace, iliyoandika mahali pasipo pake. Aliyekuwa na nakala ya kumbukumbu ile alikuwa na cha kurudishia.

Basi fundi afanye hivi. Asome toleo lililopo kwa ethtool -i, alinakili kwenye daftari pamoja na anwani ya seva na ya MAC, kisha atunze nakala ya faili la zamani. Faili jipya alihakiki kwa sha256sum, alinganishe na namba ya mtengenezaji. Herufi moja ikipishana, asilitumie. Seva iwe kwenye UPS yenye chaji. Awepo mwenyewe, na skrini na kibodi, maana anayesasisha kutoka Masasi mjini kupitia kadi ileile anaweza kujifungia nje. Baada ya hapo kuzima tu hakutoshi: kadi nyingi huendelea kupata umeme kidogo seva ikiwa imezimwa, ndiyo maana taa ya tundu la waya huendelea kuwaka. Achomoe waya wa umeme, asubiri taa izimike, ndipo awashe.

Sasisho lina maana linapoziba tundu la usalama au kuondoa hitilafu unayoiona. Kama halifanyi lolote kati ya hayo, subirini likizo; msiiguse seva wakati kidato cha nne kinajiandaa na mtihani wa Novemba.