Maumivu ya Tumbo na Ini: Dalili Ambazo Mkaaji wa Pinga Asizipuuze

Pinga iko pale Masisi inapopakana na Walikale. Barabara ni mbaya, na vita vimekatiza matibabu mara nyingi: mwaka 2013 shirika la MSF lililazimika kusimamisha kazi yake hapa kwa sababu ya vitisho. Kwa hiyo kila jamaa ijue ugonjwa gani wa tumbo huanza kutibiwa nyumbani, na upi hausubiri hata kupambazuke.

Kuhara na kipindupindu

Kinachomuua anayehara ni upungufu wa maji mwilini. Kipindupindu, ambacho hurudi Kivu mara kwa mara, huleta choo cha majimaji meupe na kinaweza kuua kwa saa chache. Mpe mgonjwa maji ya SRO (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) mara moja. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, kwani chumvi ikizidi inadhuru. Mnyweshe kidogo kidogo, hata akitapika. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14.

Finya ngozi ya tumbo la mtoto kisha uiachie. Ikichelewa kurudi, macho yakiwa yamezama au mtoto amelegea, mpeleke hospitali huku ukimnywesha njiani.

Homa ya matumbo

Homa isiyoshuka kwa siku kadhaa, pamoja na kichwa na tumbo kuuma, inahitaji vipimo. Ukipewa antibiotiki, maliza dozi. Tumbo likikaza ghafla kwa maumivu makali, huenda utumbo umetoboka, na hapo mgonjwa anahitaji upasuaji.

Vidonda vya tumbo

Wengi hulaumu pilipili au njaa. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria *Helicobacter pylori*, anayesababisha vidonda vingi. Kwa ugunduzi huo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo hutibika. Chanzo kingine ni diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humeza kila siku kwa maumivu ya mgongo. Kutapika damu au kupata choo cheusi chenye kunata ni dharura.

Ini

Macho yakiwa ya manjano na mkojo wa kahawia, ini lina shida. Homa ya ini aina ya A na E huenezwa na maji na chakula kichafu. E ni hatari sana kwa mjamzito. Aina ya B hupita kwa damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Kula sahani moja na mgonjwa wa B hakuambukizi, basi msimtenge. Chanjo yake imo katika zile za mtoto za wiki ya 6, 10 na 14.

Pombe kali kama kanyanga, ipunguze au uiache kabisa. Tupa karanga na mahindi yaliyoota ukungu, kwani sumu yake huweza kuleta saratani ya ini. Usizidishe parasetamoli.

Chemsha maji, tumia choo, nawa mikono kwa sabuni au jivu. Na anayetaka kukudunga sindano ya tumbo bila kukupima, mkatalie. Nenda kituo cha afya.