NENO LA KUMJENGA JIRANI



Mwenye kuijua Magomeni, mjini Dar es Salaam, ajua pia nyumba zake za zamani: ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, na nyuma yake ua wenye jiko na kamba ya kuanikia nguo za watu wote. Humo Mkristo na Mwislamu, mwenyeji na mgeni wa kutoka bara, hukaa pamoja miaka mingi. Aghalabu kuta za vyumba hazifiki paani. Kwa hiyo mtoto aitwaye mjinga chumbani alfajiri huwa ameitwa mjinga mbele ya nyumba nzima.

Yako hata maneno yasiyotamkwa. Kanga inunuliwayo Kariakoo ina jina lake, na wako waichaguao kwa ajili ya jina hilo tu, ili waianike kambani jirani aisome. Kinywa hakikusema kitu, lakini moyo wa mtu umejeruhiwa.

Mtume Paulo, katika sura ya 4 ya Waraka kwa Waefeso, akataza neno ovu lisitoke vinywani mwetu, ataka neno la kumjenga mwenzetu kwa kadiri ya haja yake. Tuangalie vema: hakusema neno la kumpendeza, bali la kumjenga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika mafundisho ya Amri ya Nane, yalaumu masingizio na masengenyo, tena yalaumu sifa za uongo zinazomtia mtu nguvu katika ubaya wake. Amsifuye mlevi kwa ulevi wake apaka chokaa juu ya ufa.

Magomeni hii ndiko alikokaa na jamaa yake Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, wakati wa kudai uhuru. Nyumba yake sasa ni makumbusho. Siku zile mtu mzima mwenye wajukuu aliweza kuitwa “boi” na bwana wake. Lakini ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa kukiri kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Na wanachama wakaitana “ndugu”. Neno hilo halikumpa mtu shamba wala mshahara, ila lilimrudishia heshima yake.

Je, sisi wa Jumuiya Ndogo Ndogo twafanyaje? Twaamkiana “Tumsifu Yesu Kristo”, twaitikia “Milele, amina”, kisha, sala zikiisha, twaanza kumtaja asiyekuja. Twamwita mlegevu. Labda anauguza, labda hana fedha ya mchango, naye aona haya. Habari zetu zamfikia, maana mtaani hakuna siri, naye harudi tena. Ndipo twashangaa kwamba ameliacha Kanisa! Kumbe sisi tulimfungia mlango.

Basi twawasihi mambo matatu. Kwanza, wazazi, kosa la mtoto lionywe faraghani kwa sauti ya chini, na jema lake litajwe ukumbini wote wasikie. Pili, aliyemsengenya mwenzake asidhani kwamba kuungama kwatosha. Jina jema lililoharibiwa hudai malipo, kama mali iliyoibwa. Hana budi kurudi kwa wale wale waliomsikia, akalitengeneze kadiri awezavyo. Tatu, asiyeonekana jumuiyani aendewe kwake, apigiwe hodi, aulizwe hali yake kabla ya kuulizwa sababu.

Wahenga walisema, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ikiwa nyoka hutoka, je, ndugu aliyejificha kwa haya? Jioni ya leo, kabla ya sala ya usiku, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyengojea neno kwetu asilipate. Kesho asubuhi ampelekee.