SOMO: Kijana Mwenye Kesi na Barua ya Mchungaji



Mama mmoja wa hapa kambini alinijia akiwa na ombi. Mwanawe alipelekwa Marekani, jimbo la Illinois, kabla ya Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa. Alipokuwa na miaka 19 aliiba dukani, mahakama ikamhukumu. Sasa anataka kuwa nesi msaidizi, yaani kuogesha wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Watu wetu wengi kule wanaishi kwa kazi hiyo.

Mama akasema, "Mchungaji, mwandikie kwamba hajawahi kuwa na kesi."

Nilikataa. Kwanza ni uongo. Pili, hautasaidia: kule huchukuliwa alama za vidole, na kesi inaonekana.

Masomo yenyewe si marefu. Sheria ya Marekani ya 1987 inadai angalau saa 75 na mtihani. Majimbo mengine yanadai zaidi. Ugumu uko kwenye kesi. Aliyehukumiwa kwa kutesa wagonjwa au kuiba mali yao haajiriwi katika nyumba za wazee. Makosa mengine kila jimbo lina sheria yake. Illinois wizi wa dukani unaweza kumzuia mtu, lakini anaruhusiwa kuomba asamehewe zuio hilo. Wanaangalia umri wake alipokosa, muda uliopita, kazi alizofanya, na barua za watu wanaomfahamu. Basi aombe kabla ya kulipa ada ya shule!

Someni Waraka kwa Filemoni. Paulo anamtetea Onesimo bila kuficha kwamba huenda ana deni. Anasema deni hilo adaiwe yeye.

Neno kwa wenye watoto kule: kijana asiye raia akikamatwa, asikubali kosa "ili yaishe" kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Anaweza kurudishwa alikotoka. Na hata mahakama ikifuta kesi, fomu ya kuomba uraia bado huiuliza.

Barua nimeiandika. Nimesema aliiba, na nimesema ninavyomfahamu tangu utoto. Mama alisomewa, akanyamaza kitambo. Kisha akaomba niongeze kwamba hapa kambini alimhudumia bibi yake aliyepooza miaka miwili, akimwogesha kila asubuhi kabla ya shule. Nimeongeza, maana hilo nililiona kwa macho yangu.