Soma Jani Kabla ya Kununua Dawa

Wengi wenu mlipanda miche ya nyanya tangu Oktoba, kwenye ndoo, barazani na juu ya mapaa hapa Qurum. Sasa karibu kila nyumba ninayotembelea naulizwa: majani yanaharibika, nipige dawa gani? Nawajibu wote hivi: usinunue dawa bado. Soma jani kwanza.

Wengi wetu tulijifunza kulima kwenye nchi za mvua. Mimi nililima nyanya kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kule masika yakishika, jani linapata mabaka na kuoza, na mkulima anakimbilia dawa ya ukungu. Nilikuja Muscat na mazoea hayo hayo. Msimu wangu wa kwanza majani yalijikunja, nami nikapiga dawa ya ukungu mara tatu. Pesa ilipotea bure. Hapa mvua ni siku chache tu kwa mwaka, na maradhi ya nyanya mara nyingi ni mengine.

Shika jani, kisha jiulize maswali matatu. Dalili zimeanzia juu ya mche au chini? Upande wa chini wa jani kuna nini? Udongo ukoje?

1. Majani ya chini yamejikunja, lakini bado ni ya kijani
Huu si ugonjwa. Ni joto au kiu. Mwagilia asubuhi mapema, funika udongo kwa majani makavu, na weka kivuli chepesi saa za adhuhuri. Usiung'oe mche huu.

2. Kingo za majani zimekauka, na juu ya udongo kuna unga mweupe
Hiyo ni chumvi. Jua linakausha maji, chumvi ya mbolea inabaki. Hakikisha ndoo ina matundu chini, kisha mimina maji ya bomba polepole mpaka yatoke kwa wingi. Punguza mbolea.

3. Jani lina vidoa vidogo vingi vya njano, na utando mwembamba chini yake
Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vumbi linatembea, hao ni utitiri, wanaopenda joto na ukavu. Osha upande wa chini wa majani kwa maji. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Kesho yake likiwa salama, nyunyiza mche wote jioni, siyo juani. Rudia baada ya siku tano hadi saba.

4. Majani ya chini yana mabaka ya kahawia, duara ndani ya duara
Hii ni bakajani tangulia, nayo ni ukungu kweli. Huletwa na umande wa usiku na kumwagilia juu ya majani. Kata majani yaliyougua, yafunge kwenye mfuko, uyatupe. Mwagilia shinani tu. Likiendelea, hapa ndipo dawa ya ukungu ina kazi.

5. Majani mapya ya juu ni madogo, ya njano pembeni, yamejikunja kama kikombe
Mche umedumaa na maua yanadondoka. Hiki ni kirusi, ambacho wakulima Tanzania wanakiita rasta. Kinasambazwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaoruka kama unga ukitikisa mche. Kirusi hiki hakina dawa. Hakimdhuru binadamu, na nyanya zilizokwisha kukomaa zinalika, lakini mche hauponi.

Hapo lazima ung'oe. Najua si jambo jepesi. Nilikuwa na ndoo sita, na mche wa kwanza kuugua ndio niliokuwa nimeutunza zaidi. Jirani yangu, mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, aliniambia niuondoe siku ile ile. Sikuwa na moyo huo. Nilikuwa nimeacha vitu vingi nyuma, na huu nilitaka ubaki. Baada ya wiki chache miche minne ilikuwa imejikunja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Fanya hivi: nyunyiza kwanza maji ya sabuni ili inzi wasihamie miche mingine. Funika mche wote kwa mfuko wa plastiki, ng'oa, funga, tupa. Kisha paka mafuta ya kupikia kwenye sahani ya plastiki ya njano na uitundike karibu na miche iliyobaki. Inzi weupe hufuata rangi ya njano na kunasa. Chunguza chini ya majani kila baada ya siku mbili.

Ukilazimika kununua dawa, mwonyeshe mwenye duka picha ya jani, na umuulize usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Usinunue iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo, na usiiweke jikoni wala watoto wanapofika. Kama lebo ni ya Kiarabu na huisomi, ilete ofisini tuisome pamoja. Jani lenyewe usilete, inzi wasije nalo. Picha mbili zatosha: moja ya juu ya jani, moja ya chini.